Dungu, Nguruwe na Hofu ya Njaa katika Delta ya Rufiji

Katika mashamba ya mpunga ya Mbuchi na vijiji jirani vya delta ya Rufiji, ambavyo leo vimo katika wilaya ya Kibiti, hofu kwa muda mrefu imefuata kalenda ya kilimo, ikipanda mpunga unapoanza kuchanua na kupungua mavuno yanapokwisha. Alama yake ni dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo za miti na kuezekwa kwa makuti au nyasi, ambamo mkulima na jamaa zake huhamia msimu mzima wakiamia ndege mchana na, giza likiingia, wakiwafukuza nguruwe mwitu na viboko kwa moto na kelele.

Ulinzi huo ulihitaji watu na silaha, na utawala wa Wajerumani uliupunguza kotekote: mikoko ya delta ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1898, uwindaji ukabanwa kwa sheria, na wanaume wakaswagwa kwenye mashamba ya pamba. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akichunguza Uzaramo iliyo kaskazini ya delta, ameonyesha kwamba wanawake walioachwa peke yao hawakuweza kuwazuia nguruwe, na kwamba njaa iliyofuata ilichangia kuzuka kwa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Ndiyo maana dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliyoahidi kwamba risasi zingegeuka maji, ilipata wasikilizaji waliokwisha kuchoka kuogopa. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro, kusini mwa delta, Agosti 1905, vita vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza.

Karne moja baadaye nguruwe wale wale walileta hofu kubwa zaidi, kwani simba huwafuata hadi mashambani. Utafiti ulioongozwa na mwanabiolojia Craig Packer ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, wengi wakati wa mavuno, wakiwemo waliokamatwa wakiwa wamelala katika vibanda vya kulinda mazao. Rufiji, simba mmoja aliyeuawa Aprili 2004, akiwa na jipu kubwa chini ya jino, alidhaniwa kuua watu wapatao 35. Wanakijiji waliosema kwamba simba kama huyo ametumwa na wachawi hawakuwa wakipiga porojo, maana walikuwa wakiuliza kwa nini afe huyu na asife yule, swali ambalo takwimu hazilijibu. Hata hivyo madungu hayakuachwa, kwa sababu kuyaacha ni kumwachia nguruwe chakula cha mwaka mzima, na kwa hiyo mpango wowote wa kuwakinga watu na simba usioanza na nguruwe ni kazi bure.