Kutoka Bulungi Bwansi hadi Mpango Kabambe: Historia ya Ushirikishwaji wa Wakazi wa Mabonde ya Kibuli, Kampala, katika Mipango ya Mafuriko

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia nafasi ya wakazi wa mabonde yaliyo chini ya kilima cha Kibuli katika mipango ya kukabili mafuriko jijini Kampala. Hoja kuu ni kwamba mipango mikuu ya muda mrefu iliandaliwa katika kipindi ambacho mabaraza ya vijiji yalikosa ridhaa mpya ya wapigakura, tena kwa lugha ambayo wakazi wengi hawaitumii katika mijadala yao. Makala yanapendekeza kwamba ushirikishwaji upimwe kwa uwezo wa mkazi wa kubadili mpango, si kwa idadi ya mikutano.

1.0 Utangulizi

Kibuli imo katika Tarafa ya Makindye. Juu ya kilima umesimama msikiti maarufu uliojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Chini yake ardhi inateremka kuelekea Eneo la Viwanda na Namuwongo, unakopita mfereji wa Nakivubo ukibeba maji ya katikati ya jiji hadi kwenye kinamasi na hatimaye Ziwa Viktoria. Waganda huita mvua za Machi hadi Mei ttoggo, na zile za mwisho wa mwaka ddumbi. Katika misimu hiyo miwili, maji yanayoteremka kutoka mapaa ya mabati na barabara za lami za mlimani huwafikia kwanza watu wa bondeni, ambao mara nyingi ndio wa mwisho kuulizwa lolote kuhusu maji hayo.

2.0 Mji uliopangwa na bonde lililoachwa

Miji mikuu ya Buganda ilijengwa vilimani, na mabonde yakaachiwa mafunjo na maji. Kumbukumbu hiyo imehifadhiwa katika lugha yenyewe: jina la mtaa wa Kisenyi linatokana na neno la Kiganda linalotaja ardhi ya kinamasi, nalo neno omwala hutaja mfereji wa kupitishia maji. Anayejua majina hayo anajua pia mahali ambapo maji yatarudi.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliigawa ardhi kwa utaratibu wa mailo. Mipango ya mji iliyofuata, ukiwemo wa Mirams wa mwaka 1930 na wa Kendall wa mwaka 1951, ilijishughulisha zaidi na mji wa kikoloni, ilhali Kibuga kilibaki chini ya serikali ya Mengo. Mwaka 1968 mipaka ya jiji ilipanuliwa na kuingiza maeneo hayo. Yaliingia jijini yakiwa na watu wengi na mifereji michache.

Wakazi walikuwa na utaratibu wao. Bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi, iliwaita watu kwa ngoma kusafisha njia na visima. Hata hivyo, haifai kuitukuza kupita kiasi. Iliomba mikono ya watu, lakini mwenye kuamua kazi ipi ifanywe alikuwa chifu. Sura hiyo ya ushirikishwaji, ya nguvukazi bila maamuzi, imerithiwa na miradi mingi ya kisasa inayowaita wakazi kuzibua mitaro ambayo hawakushiriki kuipanga.

3.0 Miaka kumi na saba bila uchaguzi

Baada ya mwaka 1986 mabaraza ya upinzani, ambayo baadaye yaliitwa mabaraza ya mitaa, yaliwapa wakazi chombo cha kusemea. Katiba ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka serikali iwashirikishe wananchi katika kutunga na kutekeleza mipango ya maendeleo inayowagusa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliimarisha chombo hicho.

Lakini baada ya uchaguzi wa mabaraza ya vijiji wa mwaka 2001, mwingine haukufanyika hadi Julai 2018. Katikati ya kipindi hicho nchi ilirejea kwenye vyama vingi, na Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba mabaraza yaliyochaguliwa chini ya mfumo wa zamani hayakuwa halali tena. Wenyeviti waliendelea kugonga mihuri, bali ridhaa yao ilikuwa imechakaa.

Tarehe hizo zina uzito. Mpango kabambe wa mifereji ya Kampala uliandaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mfereji wa Nakivubo ukikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ilipitishwa mwaka 2010, mpango wa matumizi ya ardhi ukatoka mwaka 2012, na tathmini ya mafuriko ya Mamlaka ya Jiji pamoja na UN-Habitat mwaka 2013. Yote hayo yalifanyika ndani ya pengo hilo. Hatudai kwamba wakazi hawakuwahi kuhojiwa. Tunadai kwamba hapakuwa na baraza la kijiji lenye ridhaa mpya la kuukataa mpango, kuurekebisha au kuukumbuka baada ya wataalamu kuondoka.

Kisha kuna hofu. Katiba inaziweka ardhi oevu chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi, ilhali wakazi wengi wa mabondeni wanashikilia vibanja au vyumba vya kupanga. Julai 2014 makazi yaliyokuwa kando ya reli, yakiwemo ya Namuwongo, yalibomolewa. Mtu aliyeshuhudia hayo hatakuwa mwepesi kumwonyesha afisa alama ya maji ukutani mwake, kwani ushahidi wa mafuriko waweza kugeuzwa ushahidi wa kumhamisha.

4.0 Lugha ya hatari

Kikwazo cha pili ni cha lugha. Tangu mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Katiba inaruhusu lugha nyingine kutumika katika utawala kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo, nyaraka za mipango huandikwa kwa Kiingereza, na tafsiri, ikiwapo, huja baada ya uamuzi.

Suala hili ni zito kuliko tafsiri ya maneno. Wahandisi huzungumzia mvua ya “mara moja katika miaka kumi”. Msikilizaji huelewa kwamba ikishanyesha mwaka huu, atapumua miaka tisa. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka una uwezekano wa moja kwa kumi. Kwa hiyo, katika miaka kumi, uwezekano wa mvua hiyo kunyesha angalau mara moja ni takriban asilimia 65. Mkazi naye ana kipimo chake: maji yalifika kizingitini, kitandani, dirishani. Vipimo hivi viwili vinaweza kulinganishwa, lakini kwanza lazima vikutane katika lugha moja.

Dar es Salaam inatoa funzo. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaro na maeneo yanayofurika, kwa msaada mkubwa wa maarifa ya wenyeji yaliyoelezwa kwa Kiswahili. Lakini mwishoni mwa mwaka huohuo nyumba za bonde la Msimbazi zilibomolewa. Mwaka 2018 wadau wa bonde hilo waliketi pamoja kwa miezi kadhaa kuandaa mpango wake. Ramani ina manufaa, ila haimpi mkazi sauti ikiwa haki yake ya makazi haijazungumzwa.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Kibuli inaonyesha kwamba mkazi wa bondeni ameitwa kufanya kazi, kuhesabiwa na kuhamishwa, lakini ni nadra kuitwa kuamua. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, uchaguzi wa mabaraza ya vijiji ufanyike kwa wakati, na kila baraza litunze daftari la mafuriko lenye tarehe, kina cha maji na majina ya mahali. Pili, rasimu za mipango zitolewe kwa Kiganda na Kiswahili kabla ya maamuzi, na istilahi za hatari ziandaliwe na wanaisimu pamoja na wahandisi. Tatu, taarifa anayotoa mkazi kuhusu maji isitumike kumhamisha bila utaratibu wa wazi wa fidia na makazi mbadala. Bila sharti hili la tatu, mawili ya kwanza yatabaki maandishi, kwa kuwa hakuna atakayejaza daftari linaloweza kumnyima paa.