Herufi Zisizo na Vitufe

Taipureta zilianza kuuzwa na kampuni ya Remington huko Marekani mwaka 1874. Vitufe vyake vilitengenezwa kwa haja ya Kiingereza. Mashine za namna hiyo zilipofika Afrika ya Mashariki, zilikuta lugha zenye sauti ambazo watengenezaji hawakuzifikiria. Likazuka swali: mashine iifuate lugha, au lugha iifuate mashine?

Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi mpya, ŋ ikiwa mojawapo. Kiswahili hakikuipokea. Kilidumu na ng pamoja na ritifaa, alama iliyokuwamo tayari katika taipureta. Kwa alama hiyo ndogo, ng'oa, kitendo cha kutoa mti na mizizi yake, hutengana na ngoa, yaani wivu.

Jirani yake, Kigĩkũyũ, hakikupata wepesi huo. Kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa kiwimbi juu: ĩ na ũ. Kiwimbi kikiachwa, irabu mbili tofauti huonekana kuwa moja. Taipureta ya Kiingereza haikuwa na herufi hizo. Mpiga chapa alizimalizia kwa kalamu au aliziacha.

Kompyuta ilirithi upungufu huo. Mfumo wa ASCII wa mwaka 1963 ulikuwa na nafasi 128 tu. Mfumo wa ISO 8859-1 wa mwaka 1987 uliingiza ã, õ na ñ kwa ajili ya Kireno na Kihispania, lakini ĩ na ũ zilibaki nje. Zilipata nafasi katika Unicode, iliyotolewa mwaka 1991. Hata hivyo, kibodi ya kawaida ya Kiingereza haina kitufe chake. Mwandishi hana budi kuchagua mpangilio mwingine wa vitufe.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-Inĩ juu ya karatasi za msalani. Ikachapishwa mwaka 1980. Kalamu ya mfungwa haikumnyima herufi hata moja. Lakini jina lake mwenyewe limechapwa mara nyingi bila viwimbi, na watu walio huru, mbele ya mashine zenye uwezo wa kuviandika.

Mashine ni mtumishi wa lugha. Mtumishi akiachiwa kumchagulia bwana wake maneno, utumishi hugeuka utawala. Zamani tuliweza kuilaumu mashine. Leo lawama ni yetu.