Kukataa, Kugoma na Kususa

Huku Butembo na Beni maneno haya matatu husikika mara nyingi, na wengi hudhani ya kuwa maana yake ni moja. Sivyo. Tuyapime moja moja.

Kususa ni kukataa kwa hasira. Mtoto aliyekaripiwa husukuma sahani asile; njaa inabaki kwake, wala mama hajui amekosea nini. Kugoma ni watu wengi kupatana kuacha kazi, ili jambo fulani litengenezwe. Kukataa, ambako wengi wetu Kongo hutamka kukatala, ni kusema «hapana» waziwazi. Hata mtu mmoja aweza kukataa peke yake.

Askofu Emmanuel Kataliko aliongoza jimbo letu tangu mwaka 1966 hata 1997, kisha akawa Askofu Mkuu wa Bukavu. Siku zile Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999 alikataa waziwazi unyonyaji wa watu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2000 watu wa Bukavu waligoma kwa siku kadhaa. Wakuu wa RCD wakamlaumu Askofu, na mwezi wa Februari wakamhamishia Butembo kwa nguvu. Alirudi kwa kundi lake Septemba, akafariki huko Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uleule.

Basi, Askofu alikataa, na watu waligoma. Hawakususa, kwa maana walisema wanakataa nini, na gharama yake waliibeba wenyewe.

Kwetu mara kwa mara hutangazwa siku ya «ville morte», yaani mji uliokufa. Watu hufunga maduka ili kuwalilia waliouawa na kudai ulinzi. Madai hayo ni ya haki, kwa maana tangu Oktoba 2014 damu nyingi imemwagika Beni. Lakini msukuma chukudu na mama muuza sombe hula jioni kile walichokipata mchana. Anayewafungia njia kwa fimbo hakuwaita wagome. Amewanyang'anya hiari yao. Na tajiri afungaye duka bila kuwakumbuka, huyo amesusa tu.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga mlango tujiulize: Tunakataa nini? Na ni nani atakayelala na njaa kwa ajili yetu? Mwenye akiba amgawie jirani yake siku ile, ndipo wote waweze kugoma kwa hiari.