Tangazo Lisilo na wa Kuulizwa: Misisi na Korona ya 2020

Tarehe 18 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alilitangazia taifa la Kongo kufungwa kwa shule, makanisa na baa, na kupigwa marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Siku sita baadaye alitangaza hali ya dharura, iliyodumu hadi Julai. Maneno hayo yalitakiwa yafike hadi Misisi, mji wa wachimba dhahabu katika sekta ya Ngandja, teritware ya Fizi, kusini kabisa mwa Kivu Kusini. Wanaotathmini kazi ya kufikisha ujumbe wa aina hii huanza kwa kuhesabu vyombo: redio ngapi, mabango mangapi, pikipiki ngapi zenye kipaza sauti. Kwangu hesabu hiyo ni ya pembeni. Habari ya serikali huaminika pale mwenye kuitoa anapoweza kuulizwa, na hata kudaiwa, na mwenye kuipokea. Fizi ya 2020 ilikuwa na matangazo tele. Waliokosekana ni watu wa kuyajibia.

Tuifuate karatasi yenyewe. Amri hutoka Kinshasa, ikapita kwa gavana Bukavu, kwa msimamizi wa teritware, kwa shefu wa sekta, kisha grupema, lokalite, hadi kwa mkuu wa nyumba kumi. Kila ngazi huisoma na kuipeleka mbele, na hakuna ngazi yenye ruhusa ya kuigeuza hata nukta. Sasa chukua ile idadi ya watu 20. Kwenye mkutano inaeleweka. Je, siku ya soko? Je, kwenye shimo, ambako wachimbaji hupanga mstari mmoja na kupitishiana mifuko ya mchanga, bega kwa bega? Je, pale akina mama twangeuse wanapotwanga mawe kwenye vinu vya chuma, vumbi likiwafunika wote pamoja? Shefu wa lokalite anayeulizwa maswali haya hana la kufanya ila kuisoma tena karatasi ile ile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Ubaya ni kwamba sheria ilikwisha kumtaja mwenye jukumu. Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 3, inaipa sekta hadhi ya kisheria na haki ya kujiongoza, pamoja na mji, komine na sheferi. Teritware na grupema hazina hadhi hiyo. Ni matawi ya serikali kuu tu. Sheria ya 7 Oktoba 2008 ikaongeza kwamba sekta iwe na baraza la madiwani waliochaguliwa na wakazi, na madiwani hao wamchague shefu wa sekta. Uchaguzi huo haujafanyika. Hata Desemba 2023, madiwani wa ngazi ya chini walipochaguliwa hatimaye, ilikuwa katika baadhi ya komine tu, na sekta zikaachwa nje. Shefu wa Ngandja basi anapokea cheo chake kutoka juu, na anayepokea cheo kutoka juu masikio yake huelekea huko huko. Fedha ni hadithi ile ile: sheria inazigawia serikali za chini asilimia 40 ya mgawo wa mkoa, na kila anayeishi mkoani anajua namna mgawo huo unavyofika.

(Mwaka huo huo serikali ya chini ya Fizi ilitikisa nchi nzima, lakini kwa jambo jingine kabisa: kusimikwa kwa bugumesti, yaani meya, wa komine ya Minembwe tarehe 28 Septemba, na Rais kuifuta komine hiyo tarehe 8 Oktoba. Swali la nani atawale lilipata wasikilizaji kila kona. La mtawala awaambie nini watu wake halikupata.)

Mkazi wa Fizi naye hakuwa akisikiliza serikali moja. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Rais John Magufuli alikataa kufunga makanisa, na baada ya mwisho wa Aprili Tanzania ikaacha kutoa takwimu za ugonjwa. Burundi ilifanya uchaguzi tarehe 20 Mei, kampeni zikijaza viwanja. Mtu wa Baraka, mji wa Fizi ulio kando ya ziwa hilo, hahitaji mkalimani kuielewa Dar es Salaam, na wengi wana ndugu katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wataalamu wa afya waliita hali hii upotoshaji. Neno hilo linamwonea msikilizaji. Alikuwa na matangazo matatu ya serikali tatu zinazopingana, yote kwa lugha anayoijua, na hakuna hata moja ambalo angeweza kuliuliza swali. Tena alikuwa na kipimo chake mwenyewe: surua, iliyoua zaidi ya watu 6,000 nchini kati ya mwanzo wa 2019 na Januari 2020, wengi wao watoto, bila nchi kufungwa hata siku moja. Kuuliza kwa nini hii imefungiwa nchi na ile haikufungiwa ni swali halali la raia. Halikujibiwa.

Kukosa majibu humwangusha hata mtu anayeaminika. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, mshindi wa Nobel ya Amani ya 2018, alipewa uongozi wa tume ya tiba ya kupambana na korona Kivu Kusini. Tarehe 10 Juni 2020 alijiuzulu. Miongoni mwa sababu alizotoa ni kwamba majibu ya vipimo kutoka maabara ya taifa Kinshasa yalichukua zaidi ya wiki mbili. Hakuna jina linaloheshimika Kivu kuliko lake, lakini familia iliyomuuliza kama mgonjwa wao anayo au hana isingeweza kuambiwa lolote. Kama hayo ni ya Bukavu, ya Ngandja msomaji ayapime mwenyewe.

Linganisha na kipindupindu, au kolera kama wanavyosema wenyewe, ugonjwa usiohama Fizi na Baraka. Kinapopamba moto, ufukweni penye kuchotea maji husimama mtu na ndoo ya dawa na bomba la sindano lililong'olewa ncha. Kila bidoni ya lita 20 inayotoka ziwani hutiwa kipimo chake cha klorini, na mama huambiwa asubiri nusu saa kabla ya kuyanywa. Dawa ikizidi, maji yakanuka, kesho yake mama humrudia mtu yule yule na kumsema mbele ya foleni. Reko, yaani wahudumu wa afya wa jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba nao ni majirani wa avenyu hiyo hiyo. Wakimdanganya mama huyo, watakutana naye kisimani. Sisemi mpango huu ni kamili, kwani wafadhili wakiondoka ndoo huondoka nao. Ila unaonyesha ujumbe unaobeba kitu mkononi na uso wa kuulizwa.

Misisi yenyewe ilikuwa na msemaji wa aina hiyo, ingawa hakuwa na cheo cha serikali. Katika machimbo ya Kivu, anayeitwa PDG ndiye anayegharamia shimo na kuilisha timu mpaka mwamba upatikane, kwa hiyo yeye na wachimbaji wake wanadaiana. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Kongo mashariki huishia zaidi Dubai, na mwishoni mwa Machi 2020 ndege za abiria za huko zilisimama. Wachimbaji wadogo sehemu nyingi za Afrika waliuza kwa hasara wakati bei ya dunia ikipanda kuelekea dola 2,000 kwa aunsi, iliyopitwa Agosti. Swali la mchimbaji asubuhi lilikuwa kama mnunuzi atanunua na kwa bei gani. Tangazo la serikali halikuligusa. Jibu lilitoka kwa PDG na wanunuzi, wenye faida yao katika jibu hilo.

Napendekeza jambo dogo lisilosubiri uchaguzi. Sekta itoe taarifa yake yenyewe kila siku ya soko, isomwe na shefu pamoja na muuguzi mkuu wa kituo cha afya, ikihusu mambo yaliyo chini ya mamlaka yao tu: dawa zilizopo na zilizokwisha, ushuru uliosimamishwa, faini halali ni ipi na risiti yake inatolewa na nani. Maswali yaandikwe daftarini, na taarifa ifuatayo ianze kwa kuyajibu. Kinshasa, ambako kutovaa barakoa kuligeuzwa faini ya faranga 5,000 mikononi mwa polisi, inatosha kutuonyesha kwa nini kipengele cha risiti kisiachwe.

Pingamizi ninalolihofia zaidi ni usalama. Desemba 2020 Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kusimamisha sehemu kubwa ya kazi zao Fizi baada ya mashambulizi, na pale ambapo hata gari la wagonjwa halipiti salama, shefu anayeahidi hadharani anajiweka pabaya. Pingamizi la pili ni kwamba mchimbaji huhama. Leo yuko Misisi, mwezi ujao yuko shimo jingine, na jina lake halimo katika daftari la lokalite yoyote. Majina yao anayo PDG, na pengine mawakala wa SAEMAPE, idara ya serikali ya wachimbaji wadogo. Kuwafikia kwa njia hiyo ni kumpa mfanyabiashara kazi ya umma. Ningeikubali gharama hiyo kwa sharti moja: ile ile orodha ya ushuru na faini iliyosomwa sokoni ibandikwe pia mdomoni mwa shimo, na muhuri wa sekta uwe juu yake.