Miaka 30 au maisha: rufaa ya adhabu katika kesi za ubakaji

Swali linalorudi kila tunaposoma habari za mahakamani ni hili: mtu kafungwa miaka 30 kwa kubaka, je, rufaa inaweza kuipunguza? Mara nyingi haiwezi.

Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, maarufu kama SOSPA, kima cha chini cha kubaka ni miaka 30. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Hakimu hashuki hapo, hata mshtakiwa alie kwamba ana mama mgonjwa. Anayeponea ni kijana wa miaka 18 au chini kwa kosa la kwanza: huyo huchapwa viboko tu.

Kwa hiyo kulalamika kuwa adhabu ni kali hakusaidii. Kinachosaidia ni kuonyesha kwamba sheria ilikosewa. Umri ndio mfano mkubwa. Hati ya mashtaka ikisema mtoto ana miaka minane lakini hakuna mzazi, daktari wala cheti kilichothibitisha, kifungo cha maisha kinaweza kushuka hadi miaka 30. Na kinyume chake: aliyepewa miaka 30 kwa mtoto wa miaka saba anaweza kutoka kwenye rufaa yake mwenyewe na kifungo cha maisha.

Kuna pia hesabu ya vifungo. Mtu akitiwa hatiani kwa makosa mawili na hakimu asiseme vitumikiwe pamoja, kimoja hufuata kingine, yaani miaka 60. Makosa yakiwa ya tukio moja, hapo pana hoja nzuri ya rufaa.

Kwa mtu wa Dindira aliyehukumiwa Mahakama ya Wilaya Korogwe, rufaa huenda Mahakama Kuu Tanga. Kusudio hutolewa ndani ya siku 10 na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya hukumu. Mfungwa hupitia kwa mkuu wa gereza. Aliyekiri kosa hukatia rufaa adhabu tu: urefu wake au uhalali wake. Mbele zaidi, Mahakama ya Rufani husikiliza hoja za sheria, na ukali wa adhabu haumo.

Wengi hutaja kesi ya Babu Seya. Yeye na wanawe watatu walifungwa maisha Kisutu mwaka 2004. Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili mwaka 2010, kwa kufuta hatia, si kwa kupunguza miaka. Yeye na Papii Kocha walitoka Desemba 2017 kwa msamaha wa Rais Magufuli.

Familia ya mtoto aliyetendewa haikati rufaa yenyewe. Ikiona adhabu imepungua isivyo halali, iende Ofisi ya Taifa ya Mashtaka wiki hiyohiyo, kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka ana siku 30 tu za kutoa kusudio.