Mwindaji na mbwa wake walivyosikilizana

Wengi wetu tunafikiri kuzungumza na mbwa ni kumpigia kelele. Wawindaji wa zamani walianza kwa kumsikiliza.

Katika misitu ya Kongo kuna mbwa mwenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja mgongoni. Mbwa huyu habweki sawa na wengine. Sasa mwindaji atajuaje mahali alipo ndani ya pori? Wazee walimfunga kengele ya mti shingoni. Ikilia polepole, mbwa bado anatafuta. Ikilia mbio mbio, anafukuza mnyama. Mwindaji naye alijibu kwa mluzi ama kwa kumwita jina. Hivyo kila mmoja alikuwa na sauti yake.

Wazungu walipeleka mbwa hao Uingereza, wakaonyeshwa London mwaka 1895, na tena mwaka 1937 kwa jina la basenji. Jina hilo ni moja na neno letu washenzi. Walichukua mbwa, na elimu ya wenyewe wakaiita ushenzi.

Huku kwetu, tangu vita vya 1996, watu wengi wa Itombwe na Fizi walikimbia vijiji vyao. Baba aliyekimbia hakupata tena pori la kumfundishia mtoto. Leo pale Uvira mtoto anamjua mbwa kwa kumtupia mawe, kisha akiumwa tunashangaa. Kumbe mbwa alikwisha kunguruma, maana yake: niache.

Basi tuwaulize wazee waliobaki, na majibu yao tuyaandike.