Sauti ya Mtangazaji na Mlango wa Karakana

Katika mjadala juu ya uchache wa wanawake katika uhandisi nchini Uingereza, imekuwa ada kunena kwamba dawa ni kielelezo: binti aonyeshwe mwanamke mmoja aliyefaulu, naye atafuata nyayo zake. Dhana hii haikosi ukweli, lakini inamdhulumu mtangazaji wa sayansi anayefanywa kielelezo hicho, kwa kumfanya picha ya kutundikwa ukutani, ilhali ubora wake umo katika kuifasiri kazi; tena inawapa waajiri faraja wasiyoistahili, kwani huwaachia nafasi ya kusema kwamba taksiri imo katika nyoyo za mabinti, wala haimo katika karakana zao. Rai yangu ni kwamba mtangazaji ana uwezo mkubwa wa kuizaa raghba ya uhandisi, na hana uwezo wowote wa kuilinda ikisha kuzaliwa.

Mfano ulio bayana ni wa Maggie Aderin-Pocock, aliyezaliwa London mwaka 1968 kwa wazazi wenye asili ya Nigeria, na ambaye tangu mwaka 2014 ni mmoja wa watangazaji wa The Sky at Night, kipindi cha elimu ya nyota kilichoanzishwa na BBC mwaka 1957 na kuongozwa na Patrick Moore hadi alipofariki mwaka 2012. Aghalabu watazamaji humdhania kuwa ni mtaalamu wa nyota tu. Lakini yeye, ambaye utotoni alitaabika sana kusoma na kuandika, akahamahama katika skuli 13, na alipokuwa kijana akajitengenezea darubini yake mwenyewe, alichukua udaktari wake Imperial College katika uhandisi wa mitambo. Na kabla uso wake haujajulikana majumbani, alikuwa amekwisha kufanya kazi katika Wizara ya Ulinzi, ambako miongoni mwa shughuli zake ilikuwamo ya vifaa vya kushikwa mkononi vya kutambua mabomu yaliyofukiwa ardhini.

Wako wasemao kwamba mtangazaji wa namna hii humtia mtoto mapenzi ya mbingu, si mapenzi ya vyuma. Hoja hiyo ingesimama lau nyota zingejulikana kwa kutazamwa tu. Chombo cha kupambanua nuru alichoshughulika nacho Aderin-Pocock alipokuwa University College London kilikusudiwa darubini ya Gemini iliyo juu ya mlima Cerro Pachón, nchini Chile, ambayo kioo chake kina kipenyo cha mita 8.1; nuru ikisha kukusanywa na kioo hicho ilisafirishwa kwa nyuzi nyembamba hadi kwenye chombo, ambacho kiliitandaza katika rangi zake, na pale rangi inapofifia au kukosekana ndipo hupatikana ushahidi wa elementi zilizomo katika nyota. Hapana jambo dogo katika chombo kama hicho: joto la chumba likipanda kidogo, au chuma kikitanuka kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, ushahidi wote huharibika. Kadhalika setilaiti ya Aeolus, ambayo pia aliifanyia kazi, na ambayo ilirushwa mwaka 2018, ilipima upepo wa dunia kwa kupeleka miali ya leza angani na kuipokea ikirejea. Mtu aliyeyatenda haya akizungumza na watoto, huwaonyesha kwamba elimu ya mbingu hutegemea mikono ya fundi. Na binti amsikilizaye hupata, fauka ya kumjua mwanamke mhandisi, kujua ni nini hasa mhandisi hufanya tangu asubuhi hata jioni. Hilo la pili ndilo adimu.

Hata hivyo, tarehe inatukanya tusidhani kwamba raghba peke yake yatosha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanawake wa Uingereza waliingia viwandani kwa maelfu, wakafanya kazi za vyuma na mashine. Kisha ikapitishwa sheria ya mwaka 1919 ya kurejesha desturi za kazi za kabla ya vita, wakaondolewa. Hawakuondoka kwa kukosa hamu wala ustadi. Katika mwaka huo huo Katharine Parsons, binti yake Rachel, na wenzao waliunda jumuiya ya wahandisi wanawake, Women's Engineering Society, na katibu wake wa kwanza akawa Caroline Haslett, aliyekuwa amejifunza kazi katika kampuni ya boila za mvuke.

Siku hizi hapana sheria ya namna ile, lakini hesabu hazijatulia. Kwa mujibu wa shirika la EngineeringUK, wanawake walikuwa asilimia 10.5 ya wahandisi wa nchi ile mwaka 2010, wakafika 16.5 mwaka 2021, kisha wakashuka hadi 15.7 mwaka 2023. Na upungufu ulionekana zaidi kwa wenye umri wa miaka 35 hadi 44, yaani watu waliokwisha kuvutwa, kusomeshwa na kuajiriwa. Hapana kipindi cha televisheni kiwezacho kumrudisha mhandisi wa miaka 40 aliyeona kwamba saa za kazi, ujira na heshima havikupangwa kwa ajili yake.

Basi, kila kampuni ya uhandisi inayomwalika mtangazaji mashuhuri aseme na wasichana wa skuli, na itangaze siku hiyo hiyo idadi ya wahandisi wanawake iliowaajiri miaka 10 iliyopita, na idadi ya waliobaki.